Ukitaka dawa ikae kwenye pamba, anzia kwenye beseni la kufulia

Swali: Nina karakana ya kushona sare za wauguzi na mashuka hapa Mwanza. Mdogo wangu anasoma kemia chuoni, tukajaribu kuloweka kitambaa cha pamba kwenye maji ya majani ya mwarobaini. Maabara ya chuo ikaweka kipande kwenye sahani yenye bakteria, na pembeni yake pakatokea duara pana lisilo na bakteria. Tulifurahi sana. Tulipofua mara nne na kupima tena, duara halikuwepo. Sasa kuna muuzaji anatushawishi tununue maji ya nano ya fedha, anasema yanadumu kufua mara 50. Je, ni kweli? Na kama siyo, tufanye nini ili kinga ikae kwenye pamba?

Jibu: Dada, hongera kwa kupima mara ya pili. Wengi hupima kitambaa kipya, wakapiga picha ya duara, wakaanza kuuza. Ila hilo duara ndilo lililowapotosha. Bakteria walikufa nje ya kitambaa, milimita kadhaa kutoka ukingoni. Wamefikiwaje na dawa ambayo mnataka ikae ndani ya uzi? Jibu ni kwamba dawa ilitoka, ikasambaa kwenye jeli ya ile sahani. Kinachotoka kwenye unyevunyevu wa jeli kitatoka haraka zaidi kwenye ndoo ya maji yenye sabuni. Kitambaa ambacho dawa yake imefungwa barabara mara nyingi hakitoi duara lolote. Bakteria hukosekana chini ya kipande tu, pale kinapowagusa. Kwa hiyo kwa lengo lenu, duara pana ni dalili mbaya.

Mwambie mdogo wako aache sahani ya duara, aombe kipimo cha kuhesabu. Kiwango cha kimataifa kinachotumika zaidi ni ISO 20743. Wamarekani wana chao, AATCC 100, kinachofanana nacho. Kwenye ISO 20743 unachukua vipande vya gramu 0.4, unadondoshea kila kimoja mililita 0.2 za maji yenye bakteria, unavifungia kwenye joto la nyuzi 37 kwa saa 18 hadi 24, kisha unawaosha bakteria waliobaki na kuwahesabu. Unalinganisha na pamba ileile isiyo na dawa. Bakteria wanaotumika kwa kawaida ni Staphylococcus aureus, na mmoja wa kundi la pili kama Klebsiella pneumoniae au E. coli, kwa sababu makundi haya mawili yana kuta tofauti na dawa inayoua moja inaweza kushindwa na jingine.

Matokeo yaandikwe kwa logi (kila logi moja ni kuwapunguza bakteria mara kumi), asilimia pekee haitoshi. Asilimia 99 inasikika kubwa, lakini ni logi 2 tu. Tuseme bakteria 100,000 wako kwenye kwapa la sare. Ukiua asilimia 99, wamebaki 1,000. E. coli akiwa na joto na lishe nzuri hujigawa kila baada ya dakika 20 hivi. Mara saba za kujigawa, yaani saa mbili na dakika 20, wamerudi kuzidi 100,000. Kwenye kitambaa kikavu hawaendi kasi hiyo, lakini umeona kwa nini kiwango chenyewe kinaita logi 3 na kuendelea, yaani asilimia 99.9, kuwa ndiyo kinga kali.

Sasa beseni. Mtu akikuambia bidhaa yake inadumu kufua mara 50, swali la kwanza ni: kufua kwa namna gani? Kwenye maabara nyingi hutumika kipimo cha AATCC 61, aina ya 2A. Kipande kinawekwa kwenye kopo la chuma pamoja na sabuni ya kiwango na gololi 50 za chuma, linazungushwa kwenye maji ya nyuzi 49 kwa dakika 45. Mzunguko mmoja unahesabiwa sawa na kufua mara tano kwa mashine ya nyumbani. Maana yake "mara 50" inaweza kuwa mizunguko kumi, saa saba na nusu za mashine. Si udanganyifu, ni kipimo kinachokubalika. Lakini hakuna sabuni ya mche humo, hakuna kuloweka usiku kucha, hakuna kola kufikichwa kwa mikono miwili, hakuna jiki, na hakuna jua la saa sita mchana. Sare ya muuguzi wa Mwanza inapita kwenye vyote hivyo kila wiki.

Kila kimoja kati ya hivyo ni adui wa mpako fulani. Sabuni ya mche ni chumvi ya mafuta, ina chaji hasi na maji yake yana ubesi wa pH karibu 10. Dawa nyingi zinazoua kwa kugusa zina chaji chanya. Sabuni isiposuuzwa vizuri inaziganda na kuzifunika, dawa ipo lakini imezibwa mdomo. Ubesi nao hukata taratibu vifungo vya esta, ambavyo ndivyo vinavyoshikilia mipako mingi kwenye pamba. Jiki, kwa klorini yake, hugeuza fedha kuwa kloridi ya fedha na kupausha rangi. Kufikicha kunamenya chochote kilichokaa juu ya uzi kama ganda. Kwa hiyo mimi huwa nawaambia watu wachague mpako kwa kuangalia unavyofuliwa kabla hawajauliza unaua nini. Kuua bakteria kwenye kitambaa kipya ni kazi rahisi.

Kabla ya dawa yoyote, hakikisheni mnachonunua ni pamba na ni safi. Chomoa nyuzi chache, ziwashe. Pamba huungua kama karatasi, inanuka karatasi, inaacha majivu laini yanayopeperuka. Ukiona uzi unajikunja kutoka kwenye moto na kuacha kidonge kigumu cheusi, hapo kuna polista, na mambo yote nitakayosema hapa chini yatashika nusu tu ya kitambaa. Vitambaa vingi vya sare madukani ni mchanganyiko huo hata kama muuzaji anaapa.

Kisha wanga. Nyuzi za kufumia hupakwa wanga ili zisikatike kwenye mtambo, na pamba ambayo haijapaushwa, kama amerikani, bado ina nta yake ya asili. Dondosha tone la ayodini ya duka la dawa: likigeuka bluu iliyoiva, wanga upo. Dondosha tone la maji: likikaa juu kama lulu kwa sekunde kadhaa badala ya kuzama papo hapo, nta ipo. Dawa mtakayoweka juu ya wanga na nta itaondoka nayo kwenye ufuaji wa kwanza, na mtalaumu dawa bure. Wanga uondoeni kwa kimeng'enya cha amilesi kinachouzwa kwa viwanda vya nguo, nta kwa kuchemsha na magadi na sabuni kwa saa moja hivi, suuzeni mpaka maji yatoke safi, mrudie matone yote mawili.

Pamba safi ni selulosi karibu tupu. Mnyororo wake umejaa vikundi vya haidroksili, na hivyo ndivyo vishikio pekee mlivyo navyo. Dawa inayodumu ni ile iliyoshikana na vishikio hivyo kwa kifungo cha kikemia, au iliyojifunga yenyewe kwa yenyewe kuwa wavu unaouzunguka uzi. Mwarobaini hauna hata kimoja. Una viambato vinavyozuia bakteria, sikatai, lakini vimekaa juu ya pamba bila cha kushikamana nacho, na vinabadilika kwa mti, kwa msimu na kwa namna ulivyochemsha. Kuna wanaovifungia ndani ya vidonge vidogo sana vya polima na kuvigandisha kwenye kitambaa. Kwa karakana ni kazi kubwa kwa faida ndogo. Uacheni.

Nano za fedha basi. Fedha inaua kweli, na inaua kwa kutoa ayoni zinazoshika protini za bakteria. Angalia mkanganyiko uliomo humo: inaua kwa kutoka. Chembe za fedha kwenye pamba ni akiba, na kila unapofua unaitumia. Mwaka 2008 Troyce Benn na Paul Westerhoff wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona walifua soksi za fedha zilizonunuliwa madukani na kupima maji. Baadhi zilipoteza karibu fedha yote ndani ya kufua mara nne, nyingine hazikupoteza hata asilimia moja. Fedha ni ileile. Tofauti ilikuwa namna ilivyofungwa. Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni kwamba muuzaji anaweza kuwa mkweli au la, na maji ya kwenye chupa peke yake hayakuambii. Muulize anatumia kiunganishi gani, kinaokwa kwa nyuzi ngapi na dakika ngapi. Akisema loweka uanike, ni chembe zilizolala juu ya uzi, na yatakuwa yaleyale ya mwarobaini kwa bei kubwa.

Hata zikifungwa vizuri, kwa kazi yenu nina wasiwasi mwingine. Chembe nano za fedha zina rangi ya manjano kwa asili yake, kuelekea kahawia zikizidi. Zikikutana na jiki mnapata kloridi ya fedha, ambayo mwanga huitia weusi. Sare nyeupe ya muuguzi iliyogeuka kijivu-kahawia hamtaweza kuitetea kwa mteja. Na maji ya beseni yana mahali yanakoishia. Kwenu ni ziwani, ambako fedha ni sumu kwa viumbe vidogo vya majini. Fedha ingenivutia kwa soksi nyeusi au nguo za michezo, zinazofuliwa kwa maji baridi bila klorini.

Watu watawatajia pia trikilosani, kemikali ya kuua bakteria. Msiiguse. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliiondoa kwenye sabuni za kunawia za watumiaji wa kawaida Septemba 2016, pamoja na viambato vingine 18, kwa sababu watengenezaji hawakuthibitisha kuwa ni salama kwa matumizi ya kila siku wala kwamba inashinda sabuni na maji.

Ninazoona zinafaa kufikiriwa ni njia tatu, na nitakaa zaidi kwenye ya mwisho.

Ya kwanza ni kaitosani, inayotokana na maganda ya kamba na kaa. Ina vikundi vya amini ambavyo kwenye asidi hupata chaji chanya na kuvuruga kuta za bakteria. Kuifunga kwenye pamba hutumika asidi ya sitriki, ileile ya malimau: mikono yake mitatu ya asidi inaweza kushika haidroksili za pamba upande mmoja na kaitosani upande wa pili. Kichocheo ni hipofosfaiti ya sodiamu. Mdogo wako anaweza kuanza na kaitosani asilimia 0.5 hadi 1, asidi ya sitriki asilimia 5 hadi 8, na kichocheo nusu ya uzito wa asidi. Chovya, kamua kwa roli, kausha kwa nyuzi 80 hadi 90, kisha oka kwa nyuzi 160 kwa dakika tatu.

Hapo kwenye kukamua ndipo karakana nyingi huharibikiwa, kwa sababu hawajui wameacha dawa kiasi gani. Pima kitambaa kikavu, pima kikiwa kimekamuliwa. Kilo moja ikitoka na uzito wa kilo 1.8, imebeba gramu 800 za maji ya dawa, tunaita ubebaji wa asilimia 80. Mkitaka dawa iwe asilimia 1 ya uzito wa kitambaa, yaani gramu 10 kwa kilo, hizo gramu 10 ziwe ndani ya mililita 800, sawa na gramu 12.5 kwa lita. Ukikamua kwa mikono sehemu moja itabeba asilimia 60 na nyingine 120, na vipande viwili vya jora moja vitatoa majibu tofauti maabara. Tafuteni roli mbili za mpira zenye springi, hata za mashine ya zamani ya kukamulia nguo.

Kuhusu kuoka: joto la oveni ya mikate hutofautiana kona hadi kona. Kwa majaribio, mashine ya joto ya kuchapia fulana inafaa zaidi, kwa sababu ina kipimajoto na saa. Weka karatasi ya kuokea juu na chini. Pasi ya kawaida haifai, hamtajua mlikuwa nyuzi ngapi.

Na mkitaka kujua dawa kiasi gani imebaki baada ya kufua, msipime kitambaa kilichoning'inia karakanani. Pamba hunywa unyevu wa hewa. Kwenye hali ya kawaida ya maabara maji yake ni kama asilimia 8 ya uzito. Mnatafuta asilimia 1 ya dawa ndani ya kitu kinachopanda na kushuka kwa asilimia kadhaa mvua ikinyesha. Kaushia kipande kwenye oveni ya nyuzi 105 mpaka uzito usibadilike, kipoe ndani ya chombo kilichofunikwa chenye jeli ya silika, ndipo kipimwe. Nimeona mtu akitangaza kwamba mpako wake umeongezeka baada ya kufuliwa mara kumi. Alikuwa amepima Jumatatu ya jua na Ijumaa ya mvua.

Kaitosani ina tatizo mbili. Asidi na joto hudhoofisha pamba: kitambaa kinaweza kupoteza theluthi moja ya nguvu yake au zaidi, na asidi ya sitriki huacha umanjano. Iko asidi nyingine yenye mikono minne, BTCA, isiyoleta umanjano, ila bei yake haijawahi kuruhusu viwanda kuizoea. Tatizo la pili ni la beseni: chaji chanya ya kaitosani inapungua sana pH ikipita 6.5 hivi, na sabuni ya mche iko kwenye 10. Mkisuuza mara ya mwisho kwa maji yenye siki kidogo mtairudishia uhai, lakini nani atasuuza sare kwa siki kila Jumapili? Ni mradi mzuri wa chuo. Kwa biashara yenu sijashawishika.

Njia ya pili ni saileni yenye amoniamu ya kwatenari. Hii inauzwa tayari kwa viwanda. Upande mmoja wa molekuli una silikoni inayojifunga na pamba na hasa na molekuli jirani, ikitengeneza wavu mwembamba kuzunguka uzi. Upande wa pili una chaji chanya ya kudumu na mkia mrefu wa mafuta unaochoma utando wa bakteria. Chaji hii haizimwi na pH kama ya kaitosani. Haihitaji joto kali, nyuzi 100 hadi 120 zinatosha, kwa hiyo pamba haidhoofiki. Ila sabuni yenye chaji hasi inaifunika, na uchafu na mabaki ya bakteria waliokufa yanaifunika pia. Kusuuza kwa kutosha ndiko suluhisho lake.

Ina faida moja ninayoipenda: inapimika kwa senti. Tengeneza maji hafifu ya bluu ya bromofenoli, chovya kipande dakika chache, suuza. Kilichopakwa kinabaki bluu, kisichopakwa kinarudi cheupe. Baada ya kufua mara tano, kumi, ishirini, rudia. Bluu ikififia, ama dawa imeondoka ama imezibwa na sabuni. Suuza kipande kwa maji ya moto mara kadhaa ujaribu tena. Bluu ikirudi, ilikuwa sabuni. Kipimo hiki hakisemi kama bakteria wanakufa, lakini kitawaokoa msipeleke maabara vipande ambavyo tayari vimeshashindwa. Kwa sare za rangi, zile za bluu na za kijani ambazo hazitiwi jiki, ningechagua njia hii.

Ya tatu ni halamini, na kwa sare nyeupe na mashuka ya hospitali ndiyo ningeijaribu kwanza. Humo naitrojeni iliyofungwa kwenye pamba inabeba klorini. Bakteria akigusa, klorini inamwendea na kumuua, mara nyingi ndani ya dakika chache, naitrojeni inabaki mtupu. Ukiloweka kwenye jiki, inabeba klorini upya. Badala ya kupambana na jiki, mpako huu unaila. Gang Sun na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walionyesha mwishoni mwa miaka ya 1990 kwamba hili linafanyika kwenye pamba kwa mashine zilezile za kiwanda: chovya, kamua, kausha, oka.

Kwa miaka mingi kabla ya hapo wahandisi wa nguo walihesabu jambo hili kuwa kasoro. Resini za zamani za kuzuia mikunjo zilikuwa zinabakiza klorini, shati likipigwa pasi linageuka manjano na kuchanika, mpaka kukawekwa kipimo maalumu cha kuzikamata. Mkumbuke hilo, kwa sababu hatari yenyewe haijaondoka.

Kiambato kilichotumika awali ni hidantoini ya dimethili yenye mikono miwili ya methiloli, inayojulikana kwa wenye viwanda vya vipodozi kwa sababu huwekwa kwenye shampuu kama kihifadhi. Huuzwa kama kimiminika cha asilimia 55 hivi. Kichocheo ni kloridi ya magnesiamu, kuoka ni kwenye nyuzi 160. Halafu fueni kitambaa vizuri ili kilichobaki huru kitoke, kwa sababu kiambato hiki hutoa fomaldihaidi, kemikali inayowasha ngozi. Pelekeni kipande kipimwe fomaldihaidi kabla hakijagusa mgongo wa mtu. Kikomo cha Oeko-Tex, cheti cha kimataifa cha usalama wa nguo, kwa nguo zinazogusa ngozi ni miligramu 75 kwa kilo, na kwa nguo za watoto wachanga ni kidogo sana kuliko hapo. Mkishindwa kufika chini ya hapo, msiuze. Na anayechanganya avae glavu, dirisha liwe wazi, na asidi ya aina yoyote ikae mbali na jiki, maana vikikutana hutoa gesi ya klorini.

Kuchaji ni rahisi. Jiki nyingi za kwetu zina hipokloraiti kati ya asilimia 3 na 5. Mililita 30 za ile ya asilimia 3.5 kwenye lita moja ya maji zinawapa kama asilimia 0.1. Loweka nguo iliyokwisha kufuliwa, baadaye suuza sana mpaka harufu ya jiki iishe. Kujua kama imebeba, changanya maji ya iodidi ya potasiamu na uji mwepesi wa wanga, tia asidi ya sitriki kidogo sana kwenye kichupa hicho, na dondosha tone moja kwenye pindo lililosuuzwa. Tone likigeuka bluu nyeusi, klorini ipo. Likibaki kama lilivyo, ama hamkuloweka vya kutosha ama mpako umeondoka. Lichapisheni hili kwenye karatasi ya maelekezo na mpeleke kichupa kwa mkuu wa dobi wa hospitali, atajua nguo ipi inahitaji kuchajiwa bila kuwapigia simu.

Udhaifu wa halamini upo kwenye kamba ya kuanikia. Jua kali huvunja kifungo cha naitrojeni na klorini, kwa hiyo nguo iliyochajiwa ianikwe kivulini. Pasi iwe ya wastani. Rangi nyingi hazivumilii, ndiyo maana nasema nyeupe. Na sehemu ya mpako wenyewe hupungua taratibu kwa kila ufuaji wenye ubesi. Haiishi ghafla, inachoka.

Mpango wa majaribio ninaoupendekeza: kateni vipande kutoka jora moja, vya dawa na vya kulinganishia. Cha kulinganishia kipite kila hatua, kichocheo na kuokwa, kasoro dawa tu, la sivyo hamtajua kama kilichoua bakteria ni dawa au asidi iliyobaki. Fueni kama dobi wenu anavyofua, sabuni yake, maji yake, kufikicha kwake. Pimeni kikiwa kipya, kikifuliwa mara 5, 20 na 50. Kabla ya kwenda maabara, suuzeni vipande vyote mara kadhaa kwa maji safi, maana sabuni iliyobaki kwenye uzi inaweza kuua bakteria yenyewe na kuwapa furaha ya uongo. Vya halamini vichajiwe, na maabara iambiwe itumie thayosalfeti kuzima klorini kabla ya kuhesabu, vinginevyo bakteria wataendelea kufa kwenye chupa na hesabu itakuwa ya uongo. Pimeni na nguvu ya kuchanika. Sare inayoua bakteria na kupasuka magotini mwezi wa tatu ni hasara.

Kuhusu mashuka, niseme jambo ambalo muuzaji hatalisema. Kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kinaelekeza mashuka ya hospitali, yakifuliwa kwa maji ya moto, yafuliwe kwa nyuzi 71 au zaidi kwa dakika 25. Hospitali yenye dobi la maji ya moto na mashine ya kunyooshea haipungukiwi sana na mpako wenu kwenye mashuka. Inayofua kwa maji baridi ndiyo mteja. Sare nayo ina sababu yake, kwa sababu muuguzi huivaa zamu nzima na mara nyingi huifulia nyumbani, ambako hakuna nyuzi 71. Anzeni na sare.

Mwisho ni lebo. Marekani, nguo iliyotiwa dawa inaruhusiwa bila usajili wa viuatilifu ikiwa inadai kujilinda yenyewe tu, mathalani dhidi ya harufu na ukungu. Ikidai kulinda afya ya mvaaji, mambo yanabadilika. Ulaya, chini ya kanuni namba 528 ya 2012, mwenye kutoa dai la namna hii hulazimika kutaja kiambato kwenye lebo. Hapa nyumbani nendeni TBS, shirika la viwango, kwa ubora wa kitambaa, na mkitaka kuandika kwamba sare inazuia maambukizi, hilo ni dai la kitabibu, mkalizungumze na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, kabla ya kuchapisha. Kwa sasa andikeni mlichopima: jina la kiambato, aina ya bakteria, kiwango kilichotumika, logi ngapi baada ya kufua mara ngapi na kwa sabuni gani, na jinsi ya kuchaji.